"Mwanangu hapendi kusoma": maswali ninayoulizwa kila Jumamosi barazani

Kila Jumamosi saa nne asubuhi natoa kreti tano za vitabu barazani kwangu hapa Tabata, Dar es Salaam, natandika mikeka miwili, na watoto wa mtaani wanakuja kusoma wanachotaka mpaka saa saba. Sio shule na sio twisheni. Nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na moja kabla sijaacha, ndo maana wananiita Anti Ticha mpaka leo. Wazazi wakija kuchukua watoto wanasimama getini na maswali, wengine wananitumia voisi za dakika tano usiku wakati nasonga ugali, na maswali yenyewe ni yale yale, nimeona niyajibu yote sehemu moja.

Mwanangu hapendi kusoma kabisa, nianzie wapi?

Nami nakuuliza: hapendi kusoma, au hapendi hivyo vitabu ulivyomwekea mezani? Manake ukichunguza unakuta nyumbani kuna vitabu vitatu, kimoja Hisabati darasa la tano, kingine Sayansi, cha tatu ni maswali ya NECTA, mitihani ya taifa, ya miaka iliyopita na majibu nyuma. Hapo hata mimi nisingependa.

Kuna mtoto wa darasa la tano aliletwa na mama yake kashikwa mkono kama anapelekwa kituoni. Akakaa kona ya mkeka, kanuna. Jumamosi ya kwanza hakugusa kitu. Ya pili akakuta gazeti la zamani la michezo nililofungia vitabu visiloe, akaanza na msimamo wa ligi, akashuka kwenye ripoti ya mechi ya Simba na Yanga iliyochezwa kabla hajazaliwa, nikamsikia anacheka peke yake. Sikumwambia kitu, nikajifanya napanga kreti. Ya tatu nikaweka komiki za mpira juu kabisa ambapo macho yake yangefika. Akazimaliza, akauliza kama kuna nyingine, na siku hizi anakuja kabla sijatandika mkeka.

Kwa hiyo anzia pale alipo. Mpira, majini, magari, nyoka, mapishi, mitindo ya kusuka, mikasa ya mapenzi ya sekondari. Msikilize anachobishana na wenzake wakiwa wamekaa kwenye ukuta jioni, kitabu chake kiko humo humo kwenye ubishi.

Anasoma komiki tu. Hiyo nayo tuite kusoma?

Ndiyo. Tena msiwe wasahaulifu, wengi wetu wenye umri wangu tulijifunza kusoma haraka kwa kugombania jarida la katuni la Sani saluni, tukimfuatilia Ndumilakuwili na vituko vya Lodi Lofa, na hakuna aliyetuuliza kama tunasoma au tunachezea. Kule Kenya walianzisha Shujaaz mwaka 2010, komiki ya Kisheng iliyokuwa inatolewa bure, vijana waliokuwa hawagusi kitabu wakawa wanaitafuta wenyewe. Supa Strikas nayo, ile ya mpira kutoka Afrika Kusini, imewasomesha watoto wa kiume wengi kuliko mimi na chaki yangu.

Na komiki sio rahisi kama unavyodhani. Mtoto anaunganisha picha na maneno, anajaza mwenyewe kilichotokea kati ya kiboksi na kiboksi, anajua nani anaongea na nani anawaza. Mpe. Usiseme "ukimaliza hiyo sasa usome kitabu cha kweli", hilo neno "cha kweli" linaharibu wiki nzima.

Binti yangu yuko kidato cha pili, anasoma simulizi za kwenye simu usiku kucha. Nimnyang'anye?

Hili ndo naulizwa kuliko yote, na ndo wazazi wanakuja wamekasirika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Kuna simulizi zinazotembea Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, zinakatwa vipande, "sehemu ya 12, itaendelea kesho saa mbili usiku". Za mwanzo unapewa bure, ukishanasa unaambiwa tuma buku, yaani shilingi elfu, upate zilizobaki. Mapenzi, usaliti, mama wa kambo, majini mahaba, tajiri aliyejifanya fukara, mambo hayo. Sio kitu kipya, wazazi wetu walikuwa wanasubiri gazeti la hadithi wiki nzima ili wajue kama yule dada alikufa kweli au alizimia, kilichobadilika ni kwamba sasa gazeti liko mfukoni na halifungi duka.

Mama mmoja alinipa simu ya binti yake nikague. Nikahesabu, mtoto alikuwa amefika sehemu ya 63 ya simulizi moja! Nikamwambia mama Rehema, ukichapa hivi vyote ukavibana ni kitabu kinene kuliko chochote alichowahi kupewa darasani, na hakuna aliyemlazimisha, na amevisoma kwenye kioo kilichopasuka. Huyo ni msomaji. Tatizo lako sio kwamba hasomi.

Tatizo ni vitu viwili vingine. Kimoja ni usingizi, na hicho dawa yake ni simu kulala sebuleni saa tatu na nusu, pamoja na ya kwako. Kingine ni chombezo, zile za kikubwa, ambazo zinapita kwenye magrupu hayo hayo bila onyo lolote. Hapo usinyamaze. Lakini usianze na kunyang'anya, manake atasomea kwa rafiki na wewe hutajua tena. Kaa usome sehemu nne tano za anachosoma, kweli kabisa zisome, halafu muulize "hivi huyu Kelvin mbona anamdanganya vile na yeye anaona sawa tu?" Utashangaa atakavyoongea. Ukikuta ni chombezo mwambie wazi hii sio ya umri wako, na sababu yake, na mpe kingine chenye mvuto ule ule. Wasichana wa umri huo wanataka mapenzi yenye maumivu na siri ya familia, wape riwaya yenye hayo bila ya yale mengine. Ukimpa kitabu cha faida za kilimo cha matone umeshindwa mapema.

Jambo jingine, wengi wao wanaandika. Kuna daftari la kaunta buku linazunguka darasani kwao, mmoja anaandika simulizi, wenzake wanasoma kwa zamu na kuandika maoni pembeni kwa kalamu nyekundu. Nimelishika mkononi daftari moja hivi, jalada limekwisha, kurasa zina mafuta ya mihogo. Ukilikuta kwenye begi la mwanao usilichane jamani.

Akimaliza kitabu nimwandikishe muhtasari ili nijue kama kweli amesoma?

Hapana. Na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nilifanya mwenyewe, na mwanangu wa kwanza.

Nilikuwa bado kazini, nina ualimu mpaka kwenye mfupa. Kila kitabu nikampa na daftari: taja wahusika, eleza mandhari, umejifunza nini, maneno magumu kumi na maana zake. Nikaona nalea msomaji. Baada ya miezi kama mitatu akawa anasema amemaliza vitabu vyote, hakuna kingine, nikafurahi. Siku fundi amekuja kusafisha simtanki akanishushia mfuko wa rambo, ndani vitabu sita, vimefungwa vizuri kabisa visiingie maji. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anapanda ngazi kuficha vitabu juu ya tanki ili asiandike maneno magumu kumi. Sikumchapa, niliona aibu mimi.

Ilichukua karibu miaka miwili kabla hajashika kitabu tena kwa hiari yake.

Sasa hivi barazani siulizi "umejifunza nini". Nikitaka kujua naongea kama mtu mwingine aliyesoma: hivi yule mzee alikuwa mchawi kweli au walimsingizia? Mtoto aliyesoma atakurukia hapo hapo. Ambaye hakusoma atasema sijui, basi, maisha yaendelee. Ukiangalia movi mtu akakuuliza umejifunza nini kabla hujasimama kwenye kochi utamjibu nini?

Nianze kumsomea mtoto akiwa na umri gani?

Leo. Akiwa wa miezi sita mpakate, mwonyeshe picha, muache atafune kona ya kitabu. Wa miaka mitatu atataka hadithi ile ile ya sungura na fisi usiku ishirini mfululizo, na ukiruka mstari atakwambia umeruka. Huo ndo usomaji wenyewe unaanza hivyo.

Na usiache kumsomea eti kwa sababu sasa anajua kusoma mwenyewe. Hili kosa tunalifanya karibu wote, mtoto akifika darasa la pili, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) imeingia, anasoma silabi zake, tunasema haya baba jisomee sasa. Sasa fikiria, yeye mwenyewe anaweza kusoma "Juma ana kuku wekundu", lakini masikio yake yameshazoea hadithi za mazimwi yanayomeza kijiji kizima. Ukimwachia Juma na kuku wake peke yao ataona kusoma ni kitu cha kijinga. Endelea kumsomea zile kubwa mpaka kusoma kwake kufikie masikio yake. Mimi nasomea mpaka wa darasa la sita barazani, wale wakubwa wanajifanya wanacheza na simu lakini kidole kimesimama.

Mimi sikusoma sana, nasoma kwa shida. Nitamsomeaje?

Msimulie. "Paukwa!" "Pakawa!" Kuna bibi wa nyumba ya nne hapa hajui herufi hata moja na ndo anajaza mkeka kuliko mimi. Akimaliza hadithi yake watoto wanakuja kwenye kreti kutafuta nyingine ya namna hiyo, nami kazi yangu inakuwa nyepesi. Au mpe mtoto mkubwa amsomee mdogo wewe ukiwa unachambua mchele hapo karibu. Au shika kitabu cha picha uliza tu, huyu anafanya nini, mbona analia. Hakuna mtoto aliyewahi kukagua cheti cha mama yake.

Asome Kiswahili au Kiingereza? Mwakani anaingia fomu wani.

Najua hofu ilipo. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili shule ya serikali, halafu Januari moja Bailojia, Jiografia, Hisabati vyote vinageuka Kiingereza, na mwalimu wa sekondari hana muda wa kumsubiri. Wazazi kwa hofu hiyo wanafanya kitu kibaya, wanazuia Kiswahili. "Ni marufuku hapa nyumbani, asome vya Kiingereza tu." Mtoto anakaa na kitabu asichoelewa sentensi tatu, anageuza kurasa ili umwone anageuza.

Mimi nasema hivi: apendaye kusoma kwa Kiswahili tayari ana nusu ya kazi. Anajua hadithi inavyokwenda, anajua kukisia neno kutokana na lililotangulia, anavumilia ukurasa mgumu kwa sababu anajua mbele kuna utamu. Hivyo vyote anahama navyo. Asiyependa kusoma kwa lugha yoyote ndo anafika fomu wani mikono mitupu.

Halafu vya Kiingereza mpe vyembamba na vya huku kwetu. Kuna vitabu vya vijana vilivyoandikwa na Watanzania kwa Kiingereza chepesi kupitia Tuzo ya Burt, iliyokuwa inasimamiwa hapa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, mradi huo umekuwepo Dar tangu 1991. Mtoto anakuta daladala, bibi, shamba, bweni, anaelewa hata lile neno asilolijua kwa sababu maisha yenyewe anayajua. Kupima kama kitabu kinamfaa ni rahisi, afungue ukurasa wa katikati, kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, hicho ni cha kusoma na mtu, sio peke yake. Lakini akikitaka tu hivyo hivyo kwa sababu jalada lina chui, mwachie, chui ana nguvu yake.

Anarudia kitabu kile kile kila wiki.

Mwache arudie. Nawe unarudia nyimbo.

Anaanza vitabu vitano hamalizi hata kimoja, si tabia mbaya hiyo?

Wewe mwenyewe una tamthilia ngapi umeziacha sehemu ya tatu? Kuna mwandishi Mfaransa, Daniel Pennac, mwaka 1992 aliandika haki kumi za msomaji, na kati ya hizo kuna haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, na haki ya kutosoma kabisa. Mimi nawasomea watoto zile haki, wanafurahi kama wamepewa likizo. Nimeona kwa macho yangu mtoto anayejua ana ruhusa ya kuacha anajaribu vitabu vingi zaidi, yule anayelazimishwa kumaliza anachukua muda mrefu sana kuchagua, mwishoe anachukua chembamba kuliko vyote.

Ila kama anaacha vyote kwenye ukurasa wa pili wa pili, soma jibu la macho huko chini.

Wavulana wangu wanaona kusoma ni mambo ya kike.

Kwa sababu hawajawahi kumwona mwanaume anasoma kitu ambacho sio bili ya maji. Baba Brayan alinibishia sana hapa, nikamuuliza yeye mara ya mwisho alisoma nini, akataja gazeti, nikamwambia lisome sebuleni basi, kwa sauti, mbishane na mtoto kuhusu usajili. Wakaanza hivyo.

Kitu kingine kilichofanya kazi mtaani kwetu ni kinyozi. Jumapili watoto wa kiume wanakaa kwenye lile benchi saa nzima kusubiri kunyolewa kabla shule haijafunguliwa. Nilimpa vitabu kumi na viwili na komiki, akaviweka kwenye kile kirafu chini ya kioo pembeni ya spiriti. Vingine vina nywele sasa, lakini vinasomwa, na kinyozi mwenyewe siku moja alinipigia kuuliza kama nina muendelezo wa kile cha mpelelezi.

Tukija kwenye wapelelezi, wavulana wa sekondari wanakamatika hapo. Baba zao walisoma Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa chini ya shuka kwa tochi, bunduki, wasichana warembo, ndege zinatoroka. Ni vya kikubwa kidogo, kwa hiyo sio vya darasa la nne. Wa miaka kumi na sita na kuendelea sioni tatizo, mradi baba asijifanye yeye alikuwa anasoma Biblia tu.

Vitabu ni bei ghali. Tunavipata wapi?

Ni ghali kweli, sitakuficha, na Kenya ndo walipigwa zaidi pale mwaka 2013 walipowekewa VAT ya asilimia 16 hata kwenye vitabu. Lakini njia zipo.

Hapa Dar kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto, na mikoani kuna maktaba za mkoa ambazo watu wanazipita kila siku wakidhani ni ofisi. Ingia uulize utaratibu wa uanachama. Vipya vya Kiswahili mimi hununua duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora, halafu natoka nje na kutembea barabarani kwa wauza mtumba wanaopanga vitabu chini. Nairobi wanaita inama bukshop, kwa sababu lazima uiname. Nenda na mtoto, mpe elfu mbili yake mkononi, achague yeye, hata akichagua unachokiona takataka. Kitabu alichokilipia kwa mkono wake kina uzito mwingine. Na ujifunze kupatana, usionyeshe umekipenda.

Bure kabisa: African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza 2014, una hadithi fupi nyingi za picha kwa Kiswahili, unapakua ukiwa na bando au waifai ya kazini halafu mtoto anasoma bila intaneti. StoryWeaver ya Wahindi nayo ni hivyo hivyo, ina Kiswahili humo. Mimi nazichapa stesheneri nyeusi na nyeupe, nazikunja, nazishona katikati kwa uzi wa kushonea magunia. Watoto wanazipaka rangi. Kuna moja ina tembo wa kijani na imesomwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

Wenzetu wa Garissa wanapelekewa vitabu na ngamia tangu 1996, maktaba ya taifa ya Kenya inapakia masanduku mgongoni mwa ngamia mpaka kwa wafugaji. Kwa hiyo mtu wa Tabata akiniambia hafikii vitabu namwangalia tu.

Hana muda. Anatoka shule saa kumi, twisheni mpaka saa kumi na mbili, homuwaki mpaka saa tatu.

Basi punguza kimoja. Najua utasema mtihani. Ila OECD, lile shirika la nchi tajiri, walipowapima vijana wa miaka 15 wa nchi nyingi, ripoti ikatoka 2002, walikuta wale ambao wazazi wao wana kazi za chini kabisa lakini wenyewe wanapenda kusoma na wanasoma vitu vingi walipata wastani wa alama 540, na wale ambao wazazi wao wana kazi za juu lakini hawapendi kusoma walipata 491. Sio Tanzania hiyo, na sisemi ukimpa riwaya atapata divisheni wani. Nasema tu kwamba ile saa unayoiona imepotea kwenye hadithi huenda haijapotea, na twisheni ya saa kumi na mbili jioni mtoto akiwa anasinzia ndo imepotea.

Dakika ishirini kitandani zinatosha. Au kwenye foleni. Foleni ya Buguruni peke yake ni sura mbili.

Wa bweni ni habari nyingine. Shule moja, siitaji, siku ya msako walikusanya riwaya pamoja na simu na mafuta ya nywele, vyote vikawekwa kwenye ndoo moja kama vielelezo. Mpwa wangu alipoteza vitatu, viwili vyangu. Kama una mtoto bweni ongea na mwalimu wa maktaba kabla ya siku ya kufungua, omba vitabu viandikishwe jina lake na viruhusiwe wikiendi. Walimu wengi ni waelewa ukiwafuata kwa heshima, ukienda na kelele umekwisha.

Nimlipe akimaliza kitabu?

Usimlipe hela. Ukiacha kulipa naye ataacha. Mnunulie kingine.

Anasoma polepole sana, anapotea mstari, anasema kichwa kinauma.

Mpeleke apimwe macho, tena kabla ya kumwita mvivu. Nilivyokuwa nafundisha nilikuwa na msichana anayekaa nyuma, nilidhani ni mzito, kumbe ubao haoni kabisa, alikuwa ananakili kwa jirani miaka minne. Alivyopata miwani akaniuliza kama majani ya mwembe siku zote yalikuwa yanaonekana moja moja.

Macho yakiwa sawa na bado herufi zinamgeuka, b inakuwa d, anasoma neno hapa akikutana nalo mstari wa chini halijui, hilo nalo lipo na sio ujinga. Zungumza na mwalimu, na wakati huo msomee wewe huku anafuata kwa kidole, au msome pamoja kwa sauti moja, wewe ukienda kwa mwendo wake. Hadithi za kusikiliza kwenye simu nazo ni sawa kabisa, hadithi imeingia kwa sikio badala ya jicho, tatizo liko wapi. Na kamwe usimsomeshe kwa sauti mbele ya wageni.

Na vitabu vikipotea, Anti, tunakulipa?

Hapana, ila niambie ukweli, usiniambie panya. Vinapotea kama kumi na tano kwa mwaka. Nilikuwa naumia, siku hizi najiambia hakuna anayeiba kitabu asichokitaka. Mwaka jana mwezi wa tisa kimoja kilirudi baada ya miezi kumi na minne, kimewekwa getini kimya kimya asubuhi, jalada limeshonwa upya kwa uzi mweusi, na mtu kajaza kwa mkono ukurasa wa 41 uliokuwa umechanika. Sijui alikumbuka maneno au aliyatunga, ila yanaingia vizuri tu, watoto hawajagundua.

Jumamosi hii hatufungui, kuna msiba nyumba ya pili. Tukutane inayofuata, na atakayekuja na mdogo wake aje na maji ya kunywa.